UZI: Idjwi inastahili festivali yake ya jazz kila mwaka, mukuye tujadiliane

MtotoWaKadutu (mwenye uzi)

Jambo yenu bote, bakubwa na badogo. Naleta hii maneno hapa juu naona tunaongeaka juu ya Idjwi, kisiwa ya mu Ziwa Kivu, kama fasi ya kupita tu. Mutu ya Bukavu mwenye anaenda Goma na boti anaiona pale upande, anaona migomba, mashamba ya mananasi, batoto banaogelea karibu na mitumbwi, anapiga foto, boti inaendelea. Kumbe ni kisiwa ya pili kwa ukubwa mu visiwa vya mu maziwa ya Afrika, Ukerewe ya Tanzania njo inaipita, na inahesabiwa kuwa na batu zaidi ya laki mbili. Mimi nasema wazi: hii kisiwa inastahili festivali ya jazz, kila mwaka, tarehe yenye haibadilike, na inaweza kuiweza kama ikianza na batu yake yenyewe.

Najua kuko mwenye ataona hii ni ndoto. Asome kwanza mpaka mwisho.

Kuko kisiwa moya inaitwa Saint Lucia, mu bahari ya Karibe. Ni nchi muzima lakini kidogo sana, kilomita za mraba 617, batu karibu 180,000, maana kwa hesabu ya batu Idjwi inaipita. Bale batu balikuwa banaishi kwa ndizi. Ndizi yabo ilikuwa inaenda Uingereza kwa bei yenye ilikuwa inalindwa, na mu myaka ya 1990 ile ulinzi ikaanza kuvunjika, Marekani na nchi za Amerika ya Kilatini bakapeleka kesi mu Shirika la Biashara la Dunia, bakulima mingi bakaacha mashamba. Sasa mu 1992 bale ba ofisi ya utalii ya Saint Lucia bakaanzisha festivali ya jazz na bakaiweka mwezi wa tano. Juu ya nini mwezi wa tano? Juu batalii benye banakimbiaka baridi ya Ulaya na ya Marekani banafika kuanzia mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa ine banaisha kurudi kwabo, hoteli zinabakia tupu, bapishi na badereva banabakia bila kazi. Festivali ikawekwa pale kwenye kulikuwa njaa. Mimi hiyo peke yake inanionyesha kama balikaa chini bakafikiri.

Jukwaa kubwa iko fasi inaitwa Pigeon Island. Zamani ilikuwa kisiwa kidogo peke yake, mu 1972 bakaiunganisha na inchi kavu kwa njia ya mawe na udongo. Juu ya kilima kunabakia kuta za ngome ya Baingereza, Fort Rodney, kwenye basoda yabo balikuwa banachungulia meli za Bafaransa upande wa Martinique. Leo batu banatandika blanketi mu majani, bana na bibi na babu, chakula pembeni, bahari iko nyuma ya muziki.

Lakini si ile jukwaa kubwa yenye ilinishika roho. Ni vile festivali ilitoka ikaenda mu batu. Mu Castries, muji mukubwa, kuko plasi yenye inabeba jina ya Derek Walcott, mushairi yabo mwenye alipata Nobel ile ile mwaka ya 1992, na pale banapiga konseri saa ya midi, bure, mutu ya biro anatoka na sahani yake anasikiliza anarudi ku kazi. Kusini, mu kijiji ya bavuvi inaitwa Laborie, benyeji benyewe bakaunda yabo, Jazz in the South, hawakungoja mutu atoke mu kapitali abapangie. Na banamuziki ya pale pale, kama vile Ronald "Boo" Hinkson wa gitare na Luther François wa saksofoni, balipanda jukwaa moya na bakubwa ya dunia. Mutoto ya Saint Lucia anaona muzee ya mutaa yabo anapiga mbele ya dunia. Hiyo hakuna bei.

Sasa tuseme Idjwi. Mwezi wa saba, kiangazi, ziwa imetulia. Batu ya Bukavu iko kongé, banafunzi iko kongé. Siku mbili ao tatu. Munasema nini?


Dada_Nguba

Mudogo yangu, nimesoma yote na wazo ni muzuri, lakini acha nikuulize bila kukuvunja moyo. Jazz kwetu ni muziki ya batu ngapi? Hapa Bukavu unaisikiaka mu hoteli za pembeni ya ziwa siku ya ijumaa, batu banakunywa vino yabo banaongea mambo ya kazi, hakuna hata mwenye anageuza kichwa kuangalia mwenye kupiga. Batu ya Idjwi banapenda rumba, banapenda nyimbo za kanisa, banapenda ngoma yabo. Ukibapelekea mutu ya kupuliza saksofoni robo saa bila kuimba, batarudi kulala.

Na tena hiyo Saint Lucia, mimi nimeifuata, siku hizi siku kubwa ni za bastaa ya reggae na R&B, hata jina bakabadilisha mu 2013 bakaongeza "sanaa" ndani. Jazz yenyewe inapewa siku zake pembeni. Sasa kama bale benye hoteli na ndege banashindwa kushikilia jazz, sisi na mutumbwi tutashikilia na nini?


MtotoWaKadutu

Yaya aksanti, hiyo swali njo nilikuwa nangoja.

Ya kwanza, masikio ya jazz iko kwetu tangu zamani sana. Grand Kallé alianzisha African Jazz mu 1953, Franco na benzake bakaanzisha OK Jazz mu 1956. Manu Dibango, Mukameruni ya saksofoni, alikutana na African Jazz kule Brussels mu 1960, ikafuata akaingia Léopoldville akapiga nabo. Hiyo saksofoni yenye baba zetu balikuwa banasikia mu redio banafunga macho, mutu anapuliza anazunguka melodi, gitare inamujibu, hakuna kuimba, na hakuna mwenye alikuwa analala! Baliita sebene na balicheza mpaka asubuhi. Kwa hiyo yaya, mimi siogope dakika ya saksofoni bila sauti ya mutu. Naogopa mupigaji mubaya, hiyo ndiyo.

Ya pili, kwa Saint Lucia uko na haki. Bastaa ni ghali na wanabeba festivali wanaenda nayo. Njo maana nilitaka kuleta na mufano ingine, ya Cabo Verde. Mu muji wa Praia, kisiwa ya Santiago, kuko Kriol Jazz Festival, mwezi wa ine, tangu 2009. Mumoya wa bale benye baliisimamisha ni José da Silva, ule producteur mwenye alimujulisha dunia muimbaji Cesária Évora. Hawaweke mu uwanja mukubwa ya mupira, banaweka juu ya Plateau, kartié ya zamani ya muji, mu plasi yenye manyumba iko karibu, unaona mutu mu dirisha anasikiliza. Na muongozo yabo ni moya: muziki ya Bakreole. Maana jazz yenye imechanganyika na mambo ya visiwa, ya Afrika, ya Karibe, ya Brazili. Mutu hawezi kuuliza jazz iko wapi juu tangu siku ya kwanza balisema ni jazz ya namna gani.

Na iko na mizizi ya kweli. Horace Silver, mupiga piano mukubwa wa jazz ya Marekani, baba yake alitoka Cabo Verde, kisiwa ya Maio. Ule muzee alikuwa anapiga miziki ya kwabo mu nyumba kule Connecticut, mutoto akakomaa nayo mu masikio, ikaingia mu jazz ya dunia muzima. Kwa hiyo Praia ikipiga jazz haiazime kitu ya mutu.

Sasa mimi nauliza, sisi mwongozo yetu ni nini? Kwa mimi: jazz yenye kukutana na gitare ya Kongo na ngoma ya Kivu. Tuseme hivyo tangu mwanzo na tusibadilishe.


HavuOriginal

Jambo. Mimi ni muzaliwa wa Idjwi, upande wa kaskazini, mu Rubenga. Nashukuru kuona batu ya muji banatufikiria lakini nitasema mambo ingine yenye inaweza kuwa kali kidogo.

Munasema "Idjwi" kama ni kartié moya. Kuko chefferie (inchi ya mwami) mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Ukiweka festivali kaskazini myaka yote, kusini batasema ni ya benzetu. Kama iko lazima kufanyika basi izunguke, mwaka moya huku, mwaka moya kule. Na bami na bazee baambiwe mbele, si kuona bafle (spika) zinashuka mu boti.

Umeme hatuna ile ya muji. Kuko paneli za jua mu nyumba zingine, kuko grupu (jenereta) za benye bistro na za kinu. Mazutu inatoka Bukavu ao Goma na bei yake inapanda mu ziwa. Munapiga muziki mpaka saa sita ya usiku na nini? Mimi naona mupange muziki ya muchana mpaka jua inazama. Kisha bazee bachukue fasi na ngoma, hiyo haiombe umeme.

Na tena lulanga. Musisahau lulanga. Ile zeze ya mubao ya chini, nyuzi zinapita juu ya ubao wenye umechimbwa ndani, mutu anakaa anaiweka mu magoti, anapiga na vidole anaongea hadithi ya familia na ya ng'ombe na ya bami pole pole. Bale benye banajua kuipiga vizuri banaisha kuzeeka, na batoto banataka simu. Kama hiyo festivali inaweza kumukalisha muzee wa lulanga pembeni ya mutu wa contrebasse, ile zeze kubwa ya besi, basikilizane, mimi nitabeba viti na kichwa yangu. Kama inakuya kutuletea fujo ya muji na chupa za plastiki mu maji, mubakie kwenu.

Jambo ya mwisho. Sisi tunajua nini maana ya kuuza kitu yako kwa mutu mwingine usiku. Kuko myaka mingi bababa yetu balikuwa banavusha kahawa Rwanda na mitumbwi mu giza, juu bei ya huku ilikuwa bure, na bengi hawakurudi, bakaachia bajane. Kisha ndiyo tukaanza koperative, kahawa ikaanza kuosheka hapa hapa na kuuzwa na jina ya Idjwi. Kwa hiyo tukisikia mutu anasema ataleta faida ku kisiwa, tunauliza kwanza faida inashikwa na nani.


MtotoWaKadutu

Muzee wangu, hiyo yote naikubali, na ile ya kuzunguka kaskazini na kusini sikuwa nimeifikiria hivyo, ni akili kubwa. Ya muchana pia. Laborie na Castries banapiga muchana na hakuna mwenye analalamika.

Lulanga na contrebasse pamoja… sasa umenifanya nisilale leo.


Kituku243

Mimi niko Goma. Nitaongea kitu moya tu: boti.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 boti yenye ilitoka Minova ilizama hapa Kituku, karibu kabisa na kivuko, ilikuwa imejazwa kupita, batu mingi bakakufa mbele ya macho ya ndugu zabo benye balikuwa bukingoni banabangoja. Mutu mwenye aliona ile siku hawezi kusikia "festivali mu kisiwa" bila kuuliza batu batafika namna gani na batarudi namna gani.

Kwa hiyo kama munapanga, mambo ya boti ikuye ya kwanza mbele ya msanii, mbele ya jukwaa, mbele ya afishi. Idadi ya batu iandikwe, ikifika imefika, hata kama mutu analia. Kila mutu na jile yake ya kuelea, na jile ya kweli si ile yenye sponji imeoza ndani. Hakuna boti ya usiku. Mwenye hakupata fasi ya kurudi saa kumi na moya analala kisiwani, na muandae fasi ya kulala, makanisa, masomo, nyumba za batu kwa kulipa. Na boti za mbao zenye zinabeba mizigo zisichanganye mizigo na batu. Bafle na grupu zipande siku moya mbele, peke yake.

Mwezi wa saba mumechagua vizuri. Mu mvua, kuanzia mwezi wa kenda mpaka wa tano, upepo inaamuka mara moya mangaribi na ziwa inabadilika sura.


MtotoWaKadutu

Yaya Kituku, naiandika hii kama sheria ya kwanza. Na batu bakisema tiketi ni kidogo, tutabaambia hesabu ni ya boti, haiko ya majani ya kukaa.

Kuhusu sono (vyombo vya sauti), niliona vile banapakia Beach Muhanzi, hapa Bukavu. Bafle moya kubwa, banaume bane, mubao moya yenye inalegea kati ya bukingo na boti, mutu moya anashika kamba nyuma ili isianguke mbele, na mwenye sono anatembea pembeni mikono mu kichwa kama mutu mwenye mutoto yake inabebwa. Kitu kikianguka mu ile maji hakitoke. Njo maana nafikiri tusibebe sono ya uwanja. Bafle mbili za wastani, mikro chache, mupiga ngoma asiwe na mikro kabisa. Jazz inaweza hiyo kupita miziki zingine.


LushiGitare

Salamu kutoka Lubumbashi. Munisamehe kuingia mu mambo ya Kivu lakini huu uzi umenigusa, juu munaongea festivali na visiwa na munasahau kama mutoto ya Katanga alishapiga mu hiyo hadithi.

Mwenda Jean Bosco, mwenye bengi banamuitaka Mwenda wa Bayeke, wa Bunkeya. Hugh Tracey, mwenye alikuwa anarekodi miziki ya Afrika, alimurekodi Jadotville, leo Likasi, mu 1952, na dole gumba yake na dole ya shahada zilikuwa zinapiga gitare moya utafikiri ni mbili. Mu 1969 alipanda jukwaa ya Newport kule Marekani, Newport Folk Festival. Na Newport muko ndani ya kisiwa, Aquidneck, mu Rhode Island. Haiko ya joto kama Idjwi, sawa, lakini pale ndiyo George Wein alianzisha festivali ya jazz mu 1954, yenye karibu zote za dunia zinaiga mupaka leo, na ile ya folk ikafuata mu 1959. Kwa hiyo mutu ya kwetu na gitare moya, bila orkestre, alivuka bahari akapiga mu kisiwa ya jazz. Musiseme hatuna wa kumuanzia.

Lakini nilete na upande ingine ya Newport. Mu 1960 batu maelfu bila tiketi bakataka kuingia kwa nguvu, bakapigana na polisi, festivali ikakatwa kati. Ile ile mwaka banamuziki ya jazz Charles Mingus na Max Roach bakatoka, bakafanya yabo pembeni, mu hoteli moya ya pale pale, juu baliona banalipa bastaa makuta mingi na benye kubeba muziki kweli banapewa kidogo. Mu 1971 batu bakavunja tena bariere, 1972 festivali ikahamia New York. Karibu myaka kumi kisiwa ikabaki bila jazz yake.

Kwa hiyo mimi nasisitiza mambo mbili na sitachoka. Fasi ya bure iwe ya kutosha kusudi mutu asisukume bariere. Na banamuziki balipwe. Nasema balipwe. Hapa kwetu mupigaji anaambiwa "utajulikana". Nilishapiga mu sherehe kubwa ya benye makuta, tukamaliza, mwenye kutuita akazima simu, tukarudi na gitare mu mugongo usiku. Mutu analipa mupishi, analipa chapiteau, analipa mwenye kubeba viti, mwenye gitare anaambiwa angoje. Mukifanya hivyo Idjwi, mujue mumeisha kuiua mbele haijazaliwa.


Dada_Nguba

Papa Lushi umesema kweli tupu. Basi makuta itoke wapi? Juu mimi ndiyo hapo nasimamaka. Zanzibar iko na Sauti za Busara, tangu 2004, mu Ngome Kongwe, banaheshimika Afrika muzima, kila msanii anapiga live, na hata bao mu 2016 hawakuweza kufanya juu makuta ya bafadhili ilikosa. Kama Zanzibar na batalii yake yote ilikosa, Idjwi?


Mama_Sambaza

Banangu, mama yenu wa Goma naingia. Munaongea vizuri lakini munaenda mbali, Karibe, Marekani, Zanzibar. Amani Festival ilikuwa hapa Goma. Ilipangwa mu 2013, vita ikazuia, ikafanyika mwezi wa pili 2014 mu Collège Mwanga, na ikarudi tena na tena. Kiingilio dola moya ku siku. Moya! Batu ya Majengo, ya Katoyi, ya Himbi, bote bakaingia, mwenye gari na mwenye kutembea na miguu. Na batoto benye balikuwa banashika milango na kuokota bichafu balikuwa bajitoleaji, mamia ya bijana, banavaa tisheti yabo banafurahi. Na pembeni mulikuwa bibanda, sie bamama tuliuza.

Kwa hiyo makuta haitoke yote mu tiketi, mwanangu Nguba. Inatoka mu kula. Mutu moya anakula mara tatu mu siku na kunywa mara sita. Idjwi iko na mananasi ya sukari, iko na sambaza yenye imetoka mu maji asubuhi, unaikaanga na ndimu na pilipili, iko na kasiksi, iko na kahawa yabo benyewe. Saint Lucia kule banasema kijiji ya Gros Islet kila ijumaa usiku banafunga barabara, banachoma samaki na kuku, muziki inapigwa, na hiyo si ya festivali, ni ya kila juma. Si basi bamama ya Idjwi bashike chakula yote, mutu wa Bukavu asikuye na friji yake kuuza soda? Muandike hiyo mu sheria. Kibanda ni ya mukaaji wa kisiwa, mwisho.


HavuOriginal

Mama, hapo umeniingia mu roho. Na mwezi wa saba kahawa mingi inakuwa imeisha kuvunwa, bamama wanapata nafasi kidogo. Bakishika chakula, hata mwenye haipende jazz ataipenda.


BwanaFanfari

Bwana Yesu asifiwe. Nasoma tangu jana. Munauliza vyombo na bapigaji, nijibu kidogo juu hiyo ni kazi yangu, nafundisha fanfari ya kanisa hapa Bukavu.

Batu banafikiri saksofoni na trompeti hazikuwe Kivu. Ziko. Ziko mu makanisa. Bakimbangisti wako na fanfari tangu zamani, na bengine tumefuata. Kila siku ya mungu kuko bijana mu Kadutu, mu Bagira, banapuliza sauti ine banaisoma mu karatasi. Yenye banakosa si pumzi na si masikio. Banakosa anche (ule mwanzi mudogo wa kupulizia), banakosa tampo, banakosa mutu wa kubaambia "sasa funga karatasi, piga yenye unasikia".

Nibaonyeshe kitu moya. Kuko mwanafunzi wangu, saksofoni yake alto, ilikuya imechoka. Zile tampo, bile vifuniko vya ngozi chini ya funguo, zilikuwa zimekauka, hewa inatoka, noti ya chini inakataa. Mu Bukavu hatukuona za kununua. Akakata ngozi ya kiatu ya zamani, nyembamba, akaizungusha na wembe kwa kipimo ya sarafu, akabandika na gundi ya fundi wa viatu, funguo yenye chemchemi yake imevunjika akaifunga na lastiki ya chambre à air ya kinga. Akaishika mbele ya taa usiku kuangalia kama mwangaza unapita wapi, kila kwenye mwangaza unapita anarudilia. Leo ile saksofoni inashuka mpaka si bemol ya chini na inalia safi. Huyu mutoto mukimupeleka Idjwi asikie mutu moya tu mwenye kujua kuimprovisa, muko na mupigaji kwa myaka makumi tatu.

Kwa hiyo ombi langu: festivali isiwe siku mbili za kupiga tu. Juma nzima mbele yake iwe masomo. Mualike mupigaji moya mwenye kujua, si staa, mwalimu, alale kwa bazazi kule kisiwani, afundishe asubuhi, na siku ya konseri bafunzi bake njo bafungue. Zanzibar kuko chuo ya muziki, Dhow Countries Music Academy, tangu 2002, na ile chuo njo imetoa bapigaji mingi ya kule. Jukwaa bila masomo inatafuta bageni kila mwaka mupaka makuta inaisha.


LushiGitare

Mwalimu, mimi natoka Lubumbashi kwa hiyo juma kama munanilipia tu njia na chakula. Nitafundisha ile mtindo ya vidole viwili ya Mwenda, gitare kavu, bila umeme. Na nitashika ile tu, sitafute jina.


Dada_Nguba

Basi mumenigeuza. Lakini nabakia na neno moya: mwaka ya kwanza hakuna afishi kubwa na hakuna bafadhili benye banataka sura yabo mu kitambaa ya jukwaa. Mufanye kidogo, mualike Bukavu kidogo na Goma kidogo, muone kama boti inarudi na batu bote.

Na hali ya sasa ya usalama munaijua. Batu iko na mizigo mingine mu kichwa, hata kuvuka tu kwenda kuona ndugu inaombaka kufikiri mara mbili. Musiweke tarehe yenye mutalazimisha.


MtotoWaKadutu

Yaya, hali naijua, na sitaandika mwaka hapa. Amani Festival iliahirishwa na vita na ikafanyika vile vile mu 2014, na Saint Lucia mu 2020 corona iliizuia, na ilirudi. Tarehe inaweza kungoja, masomo ya saksofoni haina sababu ya kungoja.

Nabakusanyia yenye naona tumekubaliana, na mwenye hakubali aseme. Muziki ya muchana, siku mbili za wikendi, mwezi wa saba. Kaskazini mwaka moya, kusini mwaka unaofuata, na bami na bazee baulizwe mbele. Boti njo inaamua idadi ya batu, jile kwa kila mutu, hakuna kuvuka usiku. Chakula na bibanda ni ya bamama ya kisiwa peke yabo. Kuingia bure kwa mukaaji wa Idjwi, mutu wa nje analipa mu bei ya boti. Kila mwenye kupiga analipwa siku ile ile, mbele jua haijazama, na hesabu inasomwa mbele ya batu. Chupa zenye ziliingia zinatoka. Na juma moya ya masomo mbele, Mwalimu BwanaFanfari kwa vyombo vya kupuliza, papa LushiGitare kwa gitare, na muzee wa lulanga kwa… kwa yote.

Mimi nitaanza na kutafuta anche na tampo, niko na rafiki mwenye anaingia Kigali kila mwezi. Kituku243, uniandikie ndani jina za bakapiteni wenye unabaamini, si hapa mbele ya batu. Muzee HavuOriginal, mu Bugarula kuko masomo yenye iko na uwanja ya majani na miti ya kivuli? Kama iko, mukubwa wa masomo anapenda aulizwe na nani, wewe ao mwami?


HavuOriginal

Iko. Miti ya avoka mitatu mikubwa, uwanja inashuka kidogo kuelekea ziwa, batu batakaa vizuri. Anapenda kuulizwa na bazazi, si na mimi, si na mwami. Kamati ya bazazi inakutana siku ya posho yenye inakuya. Nitabeba hii maneno kule, nitachapisha uzi wote ku karatasi juu bengi hawana intaneti. Na muzee wa lulanga nilishamufikia leo asubuhi, ameuliza kitu moya: huyo wa contrebasse anajua kungoja?


BwanaFanfari

Mwambie anajua. Na kama hajue tutamufundisha mbele hajavuka.